Hotuba Juu ya Msongo wa Mawazo kwa Watoto Wetu, Dalili Zake na Matunzo Yake

(Ilisomwa na karani wa chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Bukura, nayo imechapishwa humu kwa agizo la Halmashauri.)



Halmashauri ilitutaka tutayarishe maneno juu ya jambo ambalo halijazoeleka katika taarifa za mwaka. Taarifa za vyama hutaja karo, mazishi, visima, na hesabu ya fedha zilizoingia na zilizotoka. Yote hayo ni mema, na Mweka Hazina atayasoma kwa zamu yake. Lakini leo twaombwa kusema habari za watoto wenyewe, ambao kwa ajili yao karo hulipwa na visima huchimbwa. Na hasa habari za mzigo ambao mtoto huuchukua moyoni wala mzazi asiuone.

Huenda mwanachama akauliza: Je, hiyo ni kazi ya chama cha ustawi? Twajibu ya kuwa ndiyo. Mwaka 1923, wakati pande hizi zilipokuwa zikiitwa Kavirondo, kilianzishwa Chama cha Ustawi cha Walipa Kodi wa Kavirondo, naye mmisionari Walter Owen alikuwa kiongozi wake. Wanachama wake walihimizwa kuchimba vyoo, kuua panya na kupanda miti. Kijana wa leo aweza kucheka akisikia watu wazima wakikutana kuzungumza habari za panya. Asicheke. Panya walileta tauni, na tauni iliua watu. Wazee wale walikubali kushughulikia jambo dogo lililojificha, kwa sababu walijua madhara yake ni makubwa. Sisi nasi tufuate nyayo zao.

MSONGO NI NINI

Mwaka 1936 daktari mmoja, jina lake Hans Selye, aliyekuwa akifanya kazi katika mji wa Montreal nchini Kanada, aliandika juu ya uchunguzi alioufanya kwa panya. Aliona kwamba mwili unapopatwa na mateso, yawe baridi, sumu au jeraha, hujibu kwa namna moja. Tangu hapo wataalamu wengi wamelichunguza jambo hilo kwa binadamu, na leo twaweza kulieleza kwa maneno mepesi.

Tuseme mtoto anakimbizwa na mbwa njiani. Papo hapo ubongo hupiga mbiu. Tezi mbili zilizo juu ya figo humwaga katika damu vitu viitwavyo adrenalini na kotisoli. Moyo huenda mbio, pumzi huwa fupi, misuli hukaza, na tumbo huacha kusaga chakula ili nguvu zote ziende miguuni. Haya yote ni kinga, wala si ugonjwa. Mbwa akiisha kupita, na mama akamshika mtoto mkono, mwili hutulia, na baada ya muda mfupi mtoto hurudi kucheza. Msongo wa namna hii haudhuru. Hata hofu ndogo ya asubuhi ya mtihani humsaidia mwanafunzi kuwa macho.

Lakini fikirini mtoto ambaye hofu yake haipiti. Kila usiku asikia baba na mama wakigombana. Kila Jumatatu ajua ya kuwa atarudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Kila jioni aulizwa mbona amepitwa na mtoto wa jirani. Kwake mbiu ile hailiwi mara moja ikanyamaza. Yalia mchana na usiku. Basi usingizi hupungua, kumbukumbu hudhoofika, tumbo huuma, kichwa huuma, na nguvu za mwili za kupigana na maradhi hushuka. Ndiyo sababu mtoto asemaye, “Tumbo laniuma,” asubuhi ya shule huenda asiwe mwongo hata kidogo. Tumbo lauma kweli, ingawa chanzo chake hakimo tumboni.

Hapa ndipo palipo na kiini cha maneno yetu. Mtoto hana maneno ya kusema, “Nimelemewa.” Hulisema jambo hilo kwa mwili wake na kwa mwenendo wake. Mtu mzima asiyeielewa lugha hiyo humwadhibu mtoto kwa sababu amelia kwa njia nyingine.

MAMBO YALIYOWAPATA WATOTO WETU

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Tarehe 3 Februari 2020, jioni, watoto wa Shule ya Msingi ya Kakamega walipokuwa wakitoka madarasani kurudi kwao, ulitokea mkanyagano ngazini. Watoto wasiopungua 14 walikufa, na wengine wengi wakaumia. Wilaya nzima ya zamani ya Kakamega ililia, na wako humu ndani watu waliokwenda kwenye matanga yale. Wiki sita baadaye, katikati ya Machi, shule zote nchini zikafungwa kwa sababu ya ugonjwa wa Korona. Watoto walioona wenzao wakifa wakarudishwa majumbani, mbali na walimu na marafiki ambao wangeweza kuombolezana nao. Madarasa ya mitihani, yaani Gredi 4, Darasa la 8 na Kidato cha 4, yalifunguliwa Oktoba 2020. Wengine walirudi tarehe 4 Januari 2021. Kisha mihula ikafupishwa na likizo zikapunguzwa ili kufidia muda uliopotea, mpaka kalenda ikarudi katika hali yake mwaka 2023.

Mtoto aliyeona msiba kama ule aweza kukataa kupanda ngazi. Aweza kushtuka kengele inapolia au watu wanapopiga kelele. Aweza kuurudia msiba katika michezo yake, akiwalaza wanasesere wake chini na kusema wamekufa. Mtu asiyejua humwita mkaidi au mwenye mikosi. Ajuaye husema: Mtoto huyu bado yuko katika ngazi zile, na tumshike mkono tumtoe pole pole.

Misiba mikubwa kama hiyo ni michache. Walakini yako mambo ya kila siku ambayo kila moja ni dogo, lakini yakirundikana humlemea mtoto. Mashamba yetu yamegawanywa na kugawanywa tena, hata nyumba nyingi haziwezi kuishi kwa jembe peke yake. Kwa hiyo baba yuko Nairobi au Eldoret, pengine na mama pia, nao watoto wameachwa na bibi. Wakulima wa miwa wa jimbo hili wameona taabu yao tangu kiwanda cha Mumias kilipolegea, hata mwaka 2019 kikawekwa chini ya msimamizi wa madeni. Fedha zikikosekana nyumbani, sauti hupanda. Na sauti ikipanda, mtoto huwa wa kwanza kusikia na wa mwisho kuelezwa. Tena kuna pombe, kuna magonjwa, kuna kufiwa. Mtoto asipoelezwa sababu ya mambo haya, mara nyingi hudhani ya kuwa yeye ndiye sababu. Asema moyoni: Baba ameondoka kwa kuwa nilianguka mtihani. Ni mzigo wa ajabu kwa mtoto wa miaka 8.

NAMNA YA KUTAMBUA

Dalili hubadilika kwa kadiri ya umri, nasi tumezigawa katika mafungu matatu.

Watoto wadogo, wasiozidi miaka 6, hurudi nyuma. Aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani huanza tena. Aliyekwisha kuacha kunyonya kidole hukirudia. Hung’ang’ania nguo ya mama, huogopa giza, huota ndoto mbaya na kuamka akipiga kelele.

Watoto wa umri wa kati, miaka 7 hadi 12, huumwa. Leo kichwa, kesho tumbo, na mara nyingi siku za shule zaidi ya siku za mapumziko. Hupoteza vitabu na kalamu. Huanza kupigana na wenzao au kuwaonea wadogo. Aliyekuwa akisoma vizuri hushuka ghafula. Wengine huanza kusema uongo kwa mambo madogo, maana wanaogopa matokeo ya kusema kweli.

Vijana wa miaka 13 na kuendelea hunyamaza. Hukaa peke yao, huacha mchezo walioupenda, huacha marafiki, hulala mno au hawalali kabisa, hukasirika kwa neno dogo, na wengine huangukia katika bangi na chang’aa. Hao ndio wepesi kuhukumiwa, kwa sababu kimya chao hufanana na kiburi.

Hatusemi kwamba kila mtoto aliyenuna ana msongo. Watoto hununa, na kesho wakacheka. Basi mzazi ajiulize maswali matatu. La kwanza: Je, mtoto huyu amebadilika akawa tofauti na vile alivyokuwa? La pili: Je, mabadiliko haya yamedumu, tuseme majuma mawili au zaidi? La tatu: Je, yanaonekana nyumbani na shuleni pia? Majibu yakiwa ndiyo, yafaa kuchunguza.

Tena tusisahau ya kuwa nchi yetu ni nchi ya malaria na minyoo. Mtoto alalamikaye kichwa au tumbo apelekwe kwanza kwenye zahanati akapimwe. Macho yake yapimwe pia, kwa kuwa mtoto asiyeona ubao huitwa mvivu bure. Akiisha kupimwa, na ugonjwa usionekane, mzazi asiseme, “Hana kitu.” Aseme, “Ana kitu kisichoonekana kwa darubini.”

JAMBO LA KIBOKO

Twajua ya kuwa hapa tunaingia mahali penye miiba. Wazee wengine watasema: “Sisi tulichapwa, tukatembea miguu mitupu, tukasoma chini ya mti, wala hatukusikia habari za msongo.” Ni neno la haki, nalo linastahili jibu la heshima.

Kwanza, wanaoweza kusema hivyo ni wale walioshinda. Wenzao walioacha shule katika darasa la nne kwa hofu ya mwalimu hawakupata nafasi ya kusimama mikutanoni na kutoa ushuhuda wao. Kila mzee humu ndani aweza kukumbuka jina la mwenzake mmoja mwenye akili aliyekimbia shule asirudi.

Pili, mtoto wa zamani hakuwa na watu wawili tu wa kumtazama. Alilala katika nyumba ya kukhu, akasikia hadithi motoni. Jambo asiloweza kumwambia baba alimwambia senge, na baba alipokasirika mno, khotsa alikuja akasema naye. Mtoto wa leo, akiwa katika chumba kimoja cha kupanga mjini, au akiwa ameachwa na bibi mgonjwa kijijini, akichapwa hana mlango wa pili wa kukimbilia.

Tatu, sheria imesema. Kiboko kiliondolewa shuleni na Serikali mwaka 2001. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, yampa kila mtoto haki ya kulindwa na kila namna ya ukatili na adhabu isiyo ya kibinadamu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yakataza adhabu ya viboko na hata kumtesa mwanafunzi kwa maneno.

Waswahili husema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Hatuipingi methali hiyo. Mtoto asiyeongozwa hupotea, na mzazi asiyekataza hujuta. Lakini kuongoza kwataka kwanza kujua kosa liko wapi. Mtoto aliyekojoa kitandani kwa hofu, akichapwa, huongezewa hofu. Na hofu ikizidi, kitanda kitalowa zaidi. Mzazi amefanya kazi ngumu, na matokeo yake ni kinyume cha alichotaka. Mkulima hakati mhindi kwa kuwa una manjano, hutazama udongo.

NAMNA YA KUTUNZA

Dawa ya kwanza ni sikio. Lakini mtoto akiketishwa kitini na kuambiwa, “Haya, sema una nini,” hatasema. Atatazama chini. Mtoto husema vizuri mikono ikiwa na kazi na macho yakitazama mbele: mnapopukuchua mahindi, mnapokwenda kuchota maji, mnapochunga ng’ombe. Hapo mzazi aulize jambo dogo kisha anyamaze. Akianza kusema, asikatizwe kwa mawaidha. Neno, “Pole, naona hilo lilikuwa gumu kwako,” lina nguvu kuliko mahubiri ya saa nzima. Nao wavulana waruhusiwe kulia. Kijana akishatahiriwa huambiwa amekuwa mwanamume. Ni kweli, lakini wanaume nao hufiwa na kuogopa.

Dawa ya pili ni ukweli. Baba akipoteza kazi, mtoto aambiwe kwa maneno yanayofaa umri wake: “Fedha zimepungua, sisi wakubwa tunatafuta njia, nawe hukukosa lolote.” Mtu akifa, asiambiwe amesafiri, maana atangoja barua, na barua haitakuja.

Dawa ya tatu ni usingizi. Chama cha madaktari wa usingizi wa Marekani kilitangaza mwaka 2016 ya kuwa mtoto wa miaka 6 hadi 12 ahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi katika kila siku, na kijana wa miaka 13 hadi 18 ahitaji saa 8 hadi 10. Sasa tufanye hesabu. Mwanafunzi anayelala saa 4 usiku na kuamshwa saa 10 alfajiri amelala saa 6 tu. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zasema masomo ya darasani katika shule za kutwa yaanze saa 2:00 asubuhi na kumalizika saa 9:30 alasiri, kisha michezo hadi saa 10:45. Basi anayemtaka mtoto awe dawatini kabla ya jogoo kuwika hakutumwa na kanuni. Twajua ya kuwa wazazi wenyewe ndio waombao masomo ya alfajiri, wakidhani saa nyingi ni elimu nyingi. Lakini ubongo hupanga na kuhifadhi mafunzo ya mchana wakati wa usingizi. Na anayekata usingizi akata kile kile alicholipia karo.

Dawa ya nne ni mchezo na chakula kwa wakati wake. Mpira wa karatasi, kuruka kamba, kuogelea mtoni chini ya uangalizi: hivi vyote humaliza zile nguvu ambazo mwili ulizikusanya kwa kukimbia. Simu isichukue nafasi ya mchezo, hasa usiku.

Dawa ya tano ni pumzi, nayo haina gharama. Mtoto aliyeshikwa na hofu afundishwe kuvuta pumzi pole pole kwa pua, akihesabu mpaka nne, kisha aitoe kwa mdomo akihesabu mpaka sita. Arudie mara kumi. Pumzi ndefu ya kutoka huupunguzia moyo mbio zake. Mwalimu aweza kulifundisha darasa zima kabla ya mtihani.

Dawa ya sita ni kujua mwisho wa uwezo wetu. Mtoto akisema anataka kufa, au akijiumiza, au kukiwa na dalili ya kwamba mtu amemnajisi au kumpiga vibaya, jambo hilo lisiketishwe barazani wala kumalizwa kwa ng’ombe. Asiachwe peke yake hata saa moja; apelekwe kwenye hospitali, na Ofisi ya Watoto ijulishwe. Iko pia simu ya watoto, namba 116, ambayo haina malipo, na mtoto mwenyewe aweza kuipiga. Watu wengi huficha habari za kijana aliyejaribu kujiua kwa kuogopa polisi. Wajue ya kuwa mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha sheria kilichomfanya mtu wa namna hiyo kuwa mhalifu ni kinyume cha Katiba. Anahitaji matibabu na watu wake.

JUU YA MITIHANI NA HESHIMA

Twaomba ruhusa tuseme neno moja la mwisho, nalo ni zito. Mzee aliyesoma miaka ya 1950 akumbuka mtihani wa darasa la nne uliowapunguza watoto kama mtu apepetaye wimbi. Waliofuata wakapata CPE. Kisha ikaja KCPE, iliyoanza mwaka 1985 na kufanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Sasa kuna tathmini ya Gredi 6, iliyoanza mwaka 2022, na ile ya Gredi 9, iliyofanywa mara ya kwanza mwaka 2025. Majina yamebadilika, lakini swali la jirani ni lile lile: “Alipata ngapi?”

Katika mikutano mingi ya mwezi wa Desemba, pande hizi za kwetu, watu warudipo kutoka mijini, iko desturi ya kusoma alama za watoto mbele ya watu wote. Wa kwanza hupigiwa makofi na kupewa fedha. Wa mwisho huketi katikati ya watu wa ukoo wake, na kila jicho lamtazama. Shabaha ya desturi hiyo ni njema. Ilikusudiwa kuwatia watoto bidii. Lakini tumtazame yule wa mwisho. Huenda ndiye aliyemuuguza bibi yake muhula mzima. Huenda ndiye aliyerudishwa nyumbani mara tano kwa karo. Alama zile ni zake, na pia ni za nyumba nzima. Lakini aibu amepewa yeye peke yake, na umri wake ni miaka 12.

Mtoto anayeona ya kuwa heshima yake kwa watu wake yategemea namba moja, namba hiyo ikianguka, huona ameanguka yeye. Hilo ndilo tunalotaka kuliondoa. Bidii isifiwe, lakini nafasi ya mtoto nyumbani isiwekwe sokoni.

MAOMBI YETU KWA MKUTANO

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, twaweka mbele ya Mkutano maombi manne, yajadiliwe na kupigiwa kura:

1. Kwamba katika mikutano ya chama hiki alama za mtoto yeyote zisisomwe hadharani. Taarifa itiwe katika bahasha na kupewa mzazi. Na sifa zitolewe kwa bidii, kwa kuwasaidia wenzao, kwa kutunza wagonjwa, na kwa kazi njema ya mikono.

2. Kwamba mtoto anayesaidiwa karo na chama, alama zake zikishuka, msaada wake usikatwe kabla ya wanachama wawili kumtembelea nyumbani na shuleni ili kujua kisa chake.

3. Kwamba Halmashauri ichague akina mama wawili na wazee wawili wenye subira, ambao mtoto yeyote aweza kuwaendea. Wawe wakiketi wawili wawili, mahali panapoonekana na watu. Wahifadhi siri ya mtoto, ila pale maisha au mwili wake umo hatarini, ndipo waiarifu Ofisi ya Watoto bila kukawia.

4. Kwamba katika kila likizo itengwe siku moja ya michezo na hadithi kwa watoto wote, pasipo masomo, na wazee wenyewe wawe ndio wasimulizi. Sheria ya mwaka 2013 imekwisha kukataza masomo ya likizo. Nasi tuijaze nafasi hiyo kwa jambo jema.

Gharama ya maombi haya ni ndogo. Bahasha, nauli za watembeleaji, na uji wa watoto kwa siku tatu za mwaka: Mweka Hazina ametuambia ya kuwa mfuko waweza kuyabeba bila kuongeza ada.

Twajua ya kuwa wapo bibi waliomo humu ambao wanalea wajukuu wanne au watano, na usiku wenyewe hawalali. Hotuba hii isiwaongezee mzigo. Ombi la pili na la tatu ni kwa ajili yao pia, kwa maana mlezi aliyechoka hawezi kumtuliza mtoto; yeye naye ahitaji mtu wa kumpokea jembe kwa saa moja. Vijana wa chama, tulio na nguvu, tuanze na hilo hata kabla ya kura kupigwa.

Wazee wetu, ninyi mnao ufunguo ambao mwalimu na daktari hawana. Mwajua jina la kila mtoto, na jina la babu yake aliyemrithi. Mtoto anayeitwa kwa jina lake na mzee, njiani, akaulizwa habari za nyumbani, na mzee akangoja jibu, amepata tiba ya kwanza siku hiyo.

Twayaacha maneno haya mikononi mwenu, na Mwenyekiti ataongoza majadiliano.